Mzaramo Kwenye Kliniki ya Watani

Tangu nistaafu, simu yangu inalia kuliko ilivyolia nilipokuwa kazini. Anayepiga sana ni Neema, muuguzi kijana aliyeachiwa chumba changu kwenye kliniki ya kisukari na shinikizo la damu hapa Tabora mjini. Hupiga wakati wa chai, na maneno yake ni yale yale: "Shikamoo mama. Wagonjwa wangu hawasikii." Humjibu marahaba, kisha humwuliza kama amewapima masikio. Hucheka, ila haridhiki. Juzi alinishauri niandike, yeye na wenzake wasome kwa nafasi, maana kila tukianza mazungumzo salio linaisha nikiwa bado niko Usinge, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Basi naandika, nimekaa barazani kwangu Isevya, miguu juu ya stuli. Vyeo nitaviruka, kwa sababu sikujifunza kitu kutoka kwenye cheo. Mshahara nao nitauruka, nisije nikajiharibia siku. Nitasema habari za mdomo na sikio, vifaa nilivyovitumia kuliko sindano, na ambavyo bohari haikuwahi kuniambia vimekwisha.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nilipangiwa Usinge, na nyumbani walilia kana kwamba nimeposwa na mtu wasiyemjua. Nilisafiri kwa treni na sanduku la bati, sare mbili, na kichwa kilichojaa mahubiri ya afya. Niliposhuka niliuliza zahanati, nikaonyeshwa njia inayopita kati ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mganga mfawidhi aliitwa Mihayo, Mnyamwezi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia, alitoka mlangoni akawatangazia wagonjwa waliokaa kwenye benchi: "Jamani, serikali imetukumbuka. Imetuletea Mzaramo."

Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye homa aliinuka, akalivuta sanduku langu, akalikalia. "Hapa ni Unyamwezi," akasema. "Mzaramo haingii bila kodi. Toa hata kanga moja."

Machozi yalinilengalenga, ingawa nyumbani nilikuwa nimesikia habari za utani tangu utotoni. Kwa vijana mliokulia kwenye simu nitaeleza kidogo. Zamani Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na misafara, mizigo vichwani, na njiani walipatana, wakagombana, wakazikana na watu wa kila nchi waliyopita. Kilichobaki hadi leo ni utani. Mtani wako anaweza kukuambia mbele za watu neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja asingethubutu, na ukikasirika, mjinga unakuwa wewe.

Nikameza machozi, nikamwambia yule mama: "Kodi gani? Babu zenu walikuja kwetu na mizigo ya watu, wakala mihogo yetu, wakaondoka bila kuaga. Nimefuata deni." Benchi lote lilicheka, hata yule mtoto mwenye homa alicheka kwa kuwa mama yake alikuwa anatikisika. Sanduku likarudishwa. Mihayo akaniambia ndani, "Sasa unaweza kufanya kazi hapa."

Siku ya tatu au ya nne nilitoa somo langu la kwanza, juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Nilisema kwa ufasaha, kama nilivyofundishwa, na kila nilipouliza, "Tumeelewa?" akina mama waliitika, "Ndiyo." Nilirudi chumbani nimejaa fahari. Mihayo alikuwa anafuta miwani.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Nani alizungumza?"

"Mimi."

"Na wao?"

"Walisema ndiyo."

"Ndiyo ya huku kwetu ni adabu," akasema Mihayo. "Siyo jibu."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa pipi ya peremende. Akaniagiza kwamba kesho, mgonjwa akianza kueleza, niiweke mdomoni, nisitoe neno mpaka iyeyuke yenyewe. Kuitafuna ilikuwa marufuku. Nilidhani ni utani mwingine, lakini hakucheka, nami nilikuwa mgeni. Kesho yake nikaweka pipi.

Aliyeingia alikuwa mkulima wa tumbaku aliyekuwa kwenye dawa za kifua kikuu, naye alikuwa ameziacha mara mbili. Watu wote walikuwa wamekwisha kumgombeza. Alianza na habari ya kifua, akahamia kwenye mvua, akanyamaza. Hapo ndipo mimi ningeingia na mahubiri, lakini pipi ilinizuia. Akanitazama, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba akimeza zile dawa mkojo unakuwa mwekundu, mke wake ameuona, na mke wake anaamini anakojoa damu. Kila akizianza, mke analia na kumwomba aache. Pipi ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha. Niliimeza, nikamweleza kwamba ni rangi ya dawa tu, na kwamba ikitokea ni dalili kuwa ameimeza kweli. Alicheka akajipiga paja. Siku ya pili alikuja na mkewe, naye nikamwambia hivyo hivyo. Yule mama ndiye aliyemsimamia dawa hadi akamaliza.

Tangu siku hiyo sijawahi kuona mgonjwa asiyesikia. Nimeona wengi wasioulizwa.

Mihayo alinifundisha mambo mengine, yote ya bei rahisi. Kiti cha mgonjwa kisiwe mbele ya meza kama cha mshitakiwa, bali pembeni, ili nyote mtazame upande mmoja. Usimwulize mtu kama ameelewa. Mwulize akifika nyumbani atamwambiaje mama watoto wake, hapo utajua umemwambia nini. Usimpe mambo matano ya kubadili kwa siku moja, kwa sababu hata wewe hujabadili moja tangu mwaka juzi. Hilo la mwisho alipenda kulisema akiwa anavuta sigara, na mtu akimtazama alisema, "Ninajua ninachokisema."

Na utani nao una mipaka, ni nyumba yenye mwenyewe, na anayeingia lazima abishe hodi. Tulikuwa na mwenzetu, Elia, kijana mwema wa Moshi, aliyeona jinsi nilivyokuwa nikiwasema wazee nao wakacheka. Akadhani ni ufundi wa kazi, kama kufunga bandeji. Siku moja akamwambia mzee mmoja aliyeacha dawa za shinikizo, akimtania kwa vile viazi vyao vya kukausha, "Wewe mzee wa michembe, utakufa na kichwa kigumu." Mzee alivaa kofia yake, akaenda zake. Jioni walikuja wazee watatu kumwuliza Mihayo, kwa upole wa kutisha, huyu kijana amepata wapi utani nao. Ilibidi Elia akaombe radhi nyumbani kwa mzee, amebeba jogoo, na mimi nikatangulizwa kama mtani ili niyapokee matusi kwa niaba yake. Niliyapokea mengi. Mzee alirudi kwenye dawa, na Elia aligeuka kuwa msikilizaji mzuri kuliko sisi sote, kwa sababu alikuwa anaogopa kusema.

Lakini hata kwangu mimi mtani, utani haukumponya mtu. Unafungua mlango, basi. Ukishafunguliwa unatakiwa uingie, ukae, unyamaze. Hilo nililielewa vizuri nilipohamishiwa mjini, na hasa kwa Mzee Shabani, ambaye ndiye hasa Neema anataka niandike habari zake, kwa kuwa Neema mwenyewe alikuwepo.

Mzee Shabani ni fundi wa kanzu, duka lake liko Mtendeni. Ni Mnyamwezi wa mjini, baba na babu yake walizaliwa hapa hapa, na cherehani yake ya kukanyaga ni ya tangu ujana wake. Alikuja kwetu na kidonda chini ya unyayo wa mguu wa kulia, karibu na kidole gumba, na sukari iliyokataa kushuka. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia waziwazi: kama sukari haitashuka na kidonda hakitaanza kujifunga, basi baada ya Idi kubwa watakaa waamue kukata mguu. Mguu wenyewe ndio unaokanyaga cherehani. Nyumbani kuna mke, Bi Zaina, na wajukuu wanaosomeshwa na zile kanzu.

Wenzangu walinikabidhi kwa neno moja: mkaidi. Neema, aliyekuwa mpya, aliniongezea kwa kunong'ona, "Huyu, mama, ameshaelezwa na kila mtu. Anaitikia tu."

Mzee aliingia anachechemea, amenuna, macho ukutani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba ya mkato. Nikakitazama kile kidonda, nikamtazama yeye, nikamwambia, "Mzee Shabani, mguu huu ukikatwa, nani atatubebea mizigo kutoka pwani?"

Neema aliacha kuandika. Mzee aligeuka taratibu. "We nesi," akasema, "kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Lo." Uso ukamfunguka. "Nilijua. Toka nimeingia nimesikia harufu ya mihogo." Tukacheka wote, na hapo Neema akaanza kupumua tena.

Nilisogeza kiti changu pembeni yake. Pipi nilikuwa nimeshaziacha, haifai mtu wa kliniki ya kisukari kuonekana shavu limevimba kwa peremende, kwa hiyo miaka hiyo nilitumia karanga moja. Nikamwambia sitaki kumfundisha kitu siku hiyo, anieleze tu siku yake ya jana, tangu alipoamka mpaka alipolala. Akashangaa. Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za jana. Akaanza: ameswali alfajiri, amerudi, Bi Zaina amempa chai na mihogo.

"Ya Kisarawe," nikasema.

"Ya Kisarawe ingekuwa na mchanga," akajibu, akaendelea. Ile chai akaweka asali yake, vijiko viwili vitatu hivi. Akaenda dukani. Saa nne chai nyingine, na asali yake, anakwenda nayo kwenye kichupa. Mchana ugali. Alasiri chai. Jioni uji, na asali kidogo ya kuupa ladha.

Karanga ilinisaidia kunyamaza. Neema alikuwa ameweka kalamu chini na mdomo wake ulikuwa wazi, nikamkanyaga mguu chini ya kiti.

"Na sukari?" nikauliza.

Mzee akakunja uso tena. "Sukari niliacha siku ile ile mliyoniambia. Haimo nyumbani mwangu. Hata mgeni akija hapati, watu wanamsema mke wangu kuwa mchoyo. Nimeacha, kabisa. Nikija hapa mnanipima, mnanitazama kama mwizi, mnaniambia mzee huachi sukari. Mnataka niache nini tena?"

Nami roho iliniuma, nakiri, kwa sababu alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwahudumia, na sisi sote tulikuwa tumempa jina la mkaidi. Huko Dar es Salaam kosa hili lisingetokea, asali wanaipima kwa kijiko cha dawa. Hapa kwetu asali iko kwenye kila nyumba, inakuja kwa dumu, na hakuna mtu wa Tabora anayeihesabu kuwa ni sukari. Ni asali.

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Neema alikuwa anawaka kwa hamu ya kumwambia. Lakini mtu aliyetoka kukuambia kwamba unamwona mwizi hapaswi kuongezewa kosa jingine dakika hiyo hiyo. Nikamwambia kwanza pole, kwamba amefanya jambo gumu ambalo wengi wameshindwa, na hakuna aliyempongeza. Kisha nikaomba: "Unaniruhusu nikuambie ninachokijua juu ya asali?"

"Asali ni dawa," akasema haraka. "Imo hata kwenye Kitabu."

"Ni dawa kweli," nikamjibu, maana na mimi Kitabu ninakisoma. "Na dawa zote zina kipimo. Unameza ngapi kwa siku za ile nyeupe?"

"Asubuhi na jioni."

"Na ukivimeza kwa vijiko, siku nzima?"

Akaelewa kabla sijamaliza. Alitazama kile kipimo cha sukari mezani, akatazama mikono yake, akasema yeye mwenyewe: "Sasa mimi nitafanya hivi. Sitaonja asali mpaka wiki ijayo. Halafu unipime. Isiposhuka, wewe Mzaramo ni mwongo kama baba yako."

Nilikubali masharti. Wiki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka, siyo vya kutosha, ila kiasi cha kumfanya akishike kile kipimo mwenyewe na kukisoma mara mbili. Neema alitaka kupiga makofi. Nikamwuliza mzee yeye anaona nini. Akasema anaona kuna tatizo, na tatizo linaitwa shemeji.

Kumbe asali ile haikuwa ya kununua. Kaka yake Bi Zaina anafuga nyuki huko Usinge, na kila msimu humletea dumu. Kulikataa dumu la shemeji ni kumwambia hutaki undugu. Hapo nilikuwa na ushauri wangu tayari, wa busara kabisa, kwamba amweleze shemeji habari za ugonjwa. Nikatia karanga nyingine mdomoni. Mzee akafikiri, akakuna ndevu, akasema: "Nitalipokea. Nitalipeleka madrasa, watoto wapakie mkate. Shemeji nitamwambia asali yake inasomesha dini. Ataleta madumu mawili." Na kweli, msimu uliofuata aliyaleta mawili. Ushauri wangu mpaka leo sijapata wa kumpa.

Sukari ikawa inashuka, lakini kidonda kilibaki wazi, na Idi ilikuwa inasogea. Kila tulipomwambia aupumzishe mguu alijibu, "Mguu ukilala, wajukuu wanaamkia nini?" Tena alikuwa anakanyaga cherehani peku. Alisema fundi lazima aisikie mashine kwa unyayo, mwenye viatu anashona kama kiziwi.

Sikubishana naye juu ya ufundi wake. Nikamwomba afumbe macho, nikachukua uzi mgumu wa nailoni tunaopimia hisia za miguu. "Nikikugusa, sema nimeguswa," nikamwambia. Nikamgusa mkononi, akasema nimeguswa. Nikamgusa gotini, akasema nimeguswa. Nikashuka kwenye unyayo wa kulia, kidole gumba, kisigino, karibu na kidonda chenyewe. Mzee alikaa kimya, macho yamefumbwa, anasubiri kwa utulivu.

"Haya, gusa," akasema.

"Nimeshagusa, mzee."

Alifumbua macho. Akaniambia nirudie huku akitazama. Aliuona uzi ukipinda kwenye ngozi yake, na uso wake ulibadilika. Hapo hapakuwa na utani. Nikauweka uzi mezani.

"Kwa hiyo siisikii," akasema. "Mashine. Nimekuwa nikijidanganya."

Nikamwuliza ni kitu gani anachokiogopa zaidi. Nilidhani atasema kisu. Akasema anaogopa kukaa barazani kwake, anatazama mtu mwingine anashona kwenye cherehani yake, na watu wanapita wanamwamkia kwa huruma. "Shikamoo ya huruma," akasema, "ni mbaya kuliko kidonda." Nikamrudishia maneno yake tu: kwamba anataka kushona, tena yeye mwenyewe, na watu wamwamkie kwa heshima. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza, basi kati ya leo na Idi, anaona nini kinawezekana. Siyo chote, kimoja tu.

Alirudi baada ya siku chache anacheka peke yake. Alikuwa amejifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, na kiatu. Wa kulia ulikuwa unakaa juu ya kigoda, umefungwa bandeji safi, kama bwana harusi. Siku za kwanza mashine ilikuwa inarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na wajukuu walikusanyika kumcheka. Mume wangu ana kanzu ya kipindi hicho. Ukitazama upindo wake utadhani imeshonwa ndani ya treni. Hataki kuibadilisha. Na kile kioo kirefu cha wateja, mzee alikilaza sakafuni kila jioni, akawa anakagua nyayo zote mbili kabla ya kufunga duka. Kwenye mafunzo yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunitajia kioo cha fundi kanzu.

Msidhani ilikuwa kuteremka mlima tu. Wiki chache kabla ya Idi alikosa miadi, kisha akaja sukari imepanda vibaya, macho ukutani kama siku ya kwanza. Neema alishavuta pumzi ya kusema, "Mzee, si tulikubaliana?" Nilimwona, nikawahi.

"Karibu mzee. Umerudi, nimefurahi."

Akatazama huku na huku, kama anayetafuta fimbo imefichwa wapi. Kisha akaeleza. Alikwenda Usinge msibani kwa wakwe, amekaa siku kadhaa, na kila alipoletewa uji umeshatiwa asali alishindwa kuurudisha mbele ya wakwe. Halafu akaona aibu kuja kliniki. Alikaribia kutokuja tena.

Neema aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa, alipofahamu kwamba neno moja lake lingemrudisha mzee Mtendeni moja kwa moja, na kutoka Mtendeni hadi kwenye kisu. Mimi nilimwuliza mzee, zile wiki kabla ya msiba aliwezaje. Akaanza kueleza jinsi alivyoweza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo ulivyonyooka. Mwisho akasema safari nyingine atatuma salamu kabla hajafika, kwamba yuko kwenye dawa na uji wake upikwe kando. "Wakwe wanaheshimu dawa," akasema. "Kinachowaudhi ni kukataliwa chakula kikiwa kimeshapakuliwa."

Baada ya Idi alikwenda hospitali kama alivyopangiwa. Bi Zaina alifuatana naye. Daktari alifungua bandeji, akaminya pembeni, akasoma majibu ya sukari. Akaufunga tena mguu na kuwaambia waendelee na kliniki, habari ya kukata mguu haipo tena. Miezi iliyofuata kidonda kilijifunga taratibu, kikabaki kovu la rangi ya waridi analolionyesha hata kwa wasioomba.

Wiki yangu ya mwisho kazini Neema alipanga jambo. Alimwomba Mzee Shabani aje azungumze na wagonjwa wapya, benchi lilikuwa limejaa, wengine wamesimama. Nafikiri Neema alitaka mzee anisifu niondoke na machozi ya furaha. Mzee alikuja na kanzu nyeupe, viatu miguu yote miwili, akasimama wima akasimulia. Alisimulia alivyogundua kwamba asali imezidi kipimo. Alivyofikiri habari ya dumu na madrasa. Alivyojifundisha mguu wa kushoto uzeeni, alivyokilaza kioo, alivyowatumia wakwe salamu. Watu walikuwa wanamsikiliza kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata kwenye somo langu lolote, na mama mmoja mwenye bandeji mguuni alikuwa anatokwa na machozi. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejaa furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Yule mama akauliza, "Na huyu nesi je, alikusaidia nini?"

Mzee Shabani alinitazama kwa muda mrefu, kwa nia njema kabisa, akijitahidi kukumbuka.

"Huyu?" akasema. "Huyu Mzaramo hajui kitu. Kila nikija, ananiuliza mimi."

Benchi lilivunjika kwa kicheko. Neema akafungua mdomo kumsahihisha, nikamshika mkono, nikamwambia amwache mzee aendelee.